HISTORIA YA DHARURA, SEHEMU YA 3: Damu inayoshuka kwa parachuti

Leo tunaenda Rwanda, ila safari inaanzia hapa kwetu Tanzania.

Mwaka 2014, Mmarekani Keller Rinaudo alitembelea Taasisi ya Afya Ifakara. Kijana mmoja pale alimwonyesha mfumo aliotengeneza: mhudumu wa afya akiwa na dharura na hana dawa au chanjo, anatuma ujumbe wa simu. Ujumbe uliingia, tena mwingi. Shida ni kwamba hakukuwa na njia ya kufikisha kilichoombwa. Majina ya wagonjwa na umri wao yakabaki kwenye kompyuta.

Oktoba 2016, kampuni yake, Zipline, ilianza kazi na serikali ya Rwanda kutokea Muhanga. Hospitali inaagiza damu kwa simu. Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, inarushwa kwa mtambo kama manati kubwa. Ikifika haitui. Inadondosha kiboksi chenye parachuti, inageuza, inarudi.

Sasa hii inamhusu nini mama mjamzito? Inamhusu sana. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua na damu wodini hakuna, swali ni moja: tuisubiri au tumpe rufaa? Ukimpakia kwenye gari, anaweza kuzidiwa njiani. Ukisubiri gari lililofuata damu mjini na hujui litarudi saa ngapi, unabahatisha. Droni haiamui chochote, uamuzi bado ni wa daktari na wauguzi. Ila sasa wana dakika za kuhesabu.

Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulikuta damu Rwanda ilifika kwa wastani wa dakika kama 50 hivi. Pia damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda hospitalini ilipungua kwa 67%. Sababu inaeleweka: ukijua utaletewa haraka, huna haja ya kujaza friji kwa hofu.

Kwetu, mwaka 2018 yalifanyika majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe juu ya Ziwa Victoria: kilomita 60 kwa dakika kama 40. Lakini wengi wetu bado tunategemea barabara. Kwa hiyo mpango wako uanze nyumbani:

👉 Jua kundi lako la damu mapema, kliniki.
👉 Jua ni ndugu gani wawili watatu wako tayari kuchangia.
👉 Usafiri wa usiku upangwe kabla uchungu haujaanza.
👉 Umejifungua na pedi inaloa chapachapa? Usione aibu, ita nesi HAPO HAPO.

Droni inabeba damu, haitengenezi. Ile ya Rwanda kuna mtu alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono, akaitoa.

Baba, wewe mara ya mwisho ulichangia lini? Nijibu hapo chini.