Tezi, Omo na Jembe la Siku ya Tatu

Methali ina maana mbili: ya juu inayosikika, na ya ndani inayokusudiwa. Sisi walimu huikimbilia ya ndani, na ya juu tukaitupa kama ganda la chungwa. Wanafunzi wangu wa sekondari walilichukua ganda hilo kwa uzito wa ajabu, na mara nyingi ndani yake mlikuwa na historia.

Mmoja alikasirishwa na "Haba na haba hujaza kibaba". Mzazi wake alikuwa mfupi wa kimo, naye akashika kwamba methali inamdhihaki mzee huyo kwa ulaji wake. Darasa zima liliangua kicheko. Lakini nani wa kumlaumu? Kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi, na mtoto aliyekulia kwenye kilo hakupata kukiona. Pishi yenyewe, kwa wengi, imebaki kusikika katika hesabu ya zaka ya fitri.

Mwingine aliandika kwamba "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" yahusu mgonjwa wa tezi aliyekwenda kulazwa hospitali akiwa amebeba sabuni ya unga ya Omo, kisha akarejea kijijini kwao Ngamani. Akaongeza kwa huruma kwamba ndugu wangempeleka pia matunda. Kumbe methali ni ya mabaharia: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini panapokusanyika maji yanayotekwa. Zunguka utakavyo, kazi ya kuteka maji inakungoja. Ujuzi wa majahazi umehifadhiwa katika maneno saba tu, na watoto wetu wanausoma kama habari za wodini.

Wa tatu aliitekeleza kabisa "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe". Shangazi yake alipofika likizo, siku ya tatu alfajiri alimkuta mpwawe mlangoni na jembe mkononi. Shangazi alifunga kitita chake bila kungoja chai. Hata hivyo, kijana huyo hakuwa mbali na Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1962, katika kijitabu chake cha Ujamaa, aliichukua methali hii kwa jembe halisi, kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alifanya kazi. Aliongeza kuwa yamkini mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla ya kupewa. Tofauti ilikuwa hiyo tu: shangazi hakuliomba.

Mmisionari W. E. Taylor alikusanya methali za Waswahili na kuzichapisha London mwaka 1891, pamoja na maelezo kwa wasomaji wa Kiingereza. Maelezo hayo yalikuwa ya wageni. Leo wanaoyahitaji ni wajukuu wa wenye methali.

Ndiyo maana nawaomba walimu na washairi wenzangu tusiwacheke watoto tukaishia hapo. Kabla ya kufundisha hekima ya kibaba, tukitafute kibaba tukiweke mezani, kijazwe mchele mbele yao. Anayetunga ubeti wenye tezi na omo naye aende bandarini kwanza, amwombe nahodha amwonyeshe ngama.