Kapasita kubwa za pawa saplai: wapi utazipata na jinsi ya kukwepa feki

Juzi mshikaji wangu kaniletea pawa saplai aliyojitengenezea mwenyewe. Akipima kwa mita anaona volti 12 safi, ila akichomeka amplifaya tu, spika zinanguruma kama daladala bovu. Nikafungua. Ndani nikakuta kapasita moja ya mikrofaradi 1000, nyembamba kama kidole. Hapo hakuna uchawi.

Hesabu kidogo, usikimbie. Umeme wa ukutani ni hezi 50, ukipita kwenye daraja la dayodi nne unatoka mapigo 100 kwa sekunde. Katikati ya pigo na pigo, kapasita ndiyo inayolisha mzigo peke yake. Volti zinazoshuka hapo ni ampea gawanya kwa 100, halafu gawanya kwa faradi. Ukivuta ampea 1 kwenye mikrofaradi 1000, hesabu inakupa volti 10! Inazidisha kidogo lakini umepata picha. Weka mikrofaradi 10000 inabaki volti 1 tu.

Sasa wengi wanaishia hapo, wanatafuta namba kubwa basi. Kumbe kila kapasita ina ukinzani wake wa ndani, mafundi wanauita ESR. Mkondo unapoingia na kutoka, ukinzani huo unageuka joto. Mfano: mkondo wa mawimbi wa ampea 2 ukipita kwenye ESR ya omu 0.08, unapata wati 0.32 za joto ndani ya kimkebe kidogo. ESR ikiwa 0.02, ni wati 0.08 tu. Joto linakausha maji ya dawa yaliyomo ndani, yakikauka ESR inapanda, ikipanda joto linazidi. Mwisho inavimba kichwa.

Ila msidanganywe na wauzaji: ESR ndogo sana haihitajiki kila mahali. Kwenye pawa saplai ya transfoma nzito ya kawaida, mkebe mkubwa wa mikrofaradi 10000 tayari una ESR ndogo kwa sababu ya ukubwa wake. Hapo angalia zaidi ni ampea ngapi za mawimbi unaweza kuvumilia. Zile za ESR ndogo kabisa ni za pawa saplai za swichi, kama ya kompyuta, ambako mkondo unakatwa maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiweka kapasita ya kawaida pale, haidumu.

Njia nyingine rahisi ni kuzipanga sambamba. Tatu za mikrofaradi 4700 zinakupa 14100, na ESR inagawanyika kwa tatu. Mara nyingi ni bei nafuu kuliko mkebe mmoja mkubwa, na ni rahisi kuzipata.

Za kununua mpya, kwa Dar watu wanaenda Kariakoo, kwa Nairobi ni Luthuli Avenue. Majina ya Kijapani yanayoaminika ni Rubycon, Nichicon, Nippon Chemi-Con na Panasonic. Tatizo ndiyo hayo hayo yanayoigizwa. Feki nyingine ukiipasua unakuta kapasita ndogo imefichwa ndani ya mkebe mkubwa! Kwa hiyo ishike mkononi kwanza. Kama ni nyepesi kuliko nyingine ya ukubwa ule ule, rudisha. Kama maandishi yanafutika kwa kucha, rudisha. Na ukiona mikrofaradi 10000 za volti 50 kwenye kimkebe cha saizi ya kifuniko cha kalamu, hapo muuzaji anakuona mshamba.

Soma pia joto lililoandikwa. Kuna za nyuzi 85 na za nyuzi 105, chukua za 105. Kwa kawaida kila joto likishuka nyuzi 10 maisha yanaongezeka mara mbili. Ya saa 2000 kwa nyuzi 105, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 inafika kama saa 32000. Ya saa 2000 kwa nyuzi 85, hapo hapo inafika saa 8000, hata mwaka haiishi ukiiacha inawaka usiku na mchana. Na joto la Pwani mnalijua.

Mimi kwa kweli napenda za mtumba. Amplifaya za gari zilizoungua ni dhahabu: ndani yake kuna pawa saplai ya swichi, kwa hiyo kapasita zake za volti 35 au 50 huwa ni za ESR ndogo. Amplifaya za zamani za sebuleni zina mikebe minene kabisa. Kompyuta zilizokufa nazo zina za mikrofaradi 2200 au 3300 upande wa kutolea, lakini za volti 10 au 16 tu.

Kwenye kompyuta za zamani kuwa macho. Bodi nyingi za kati ya mwaka 1999 na 2007 zilipata kapasita mbovu, dawa ya ndani ilikuwa inatoa gesi mpaka vichwa vinapasuka. Dell peke yake mwaka 2005 ilitangaza gharama ya dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta za OptiPlex. Na zile kapasita za Dell nyingi zilikuwa Nichicon halisi, siyo feki, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Kichwa kikiwa kimevimba hata kidogo, tupa.

Sasa hapa tulia usome taratibu. Zile kapasita mbili nene upande wa kuingilia umeme kwenye pawa saplai ya kompyuta zinashika volti zaidi ya 300 kwa pamoja, hata baada ya kuchomoa waya. Inaua. Usizipige shoti kwa bisibisi, cheche zake zinarusha chuma machoni. Tumia rizista ya omu 2200 ya wati 5 yenye waya uliofunikwa vizuri, shikilia sekunde kumi, kisha pima kwa mita mpaka iwe chini ya volti 5. Ndipo ufungue kwa risasi ya moto. Hata kile kipimo kidogo cha vipuri chenye skrini kinaungua ukikipa kapasita yenye chaji.

Na volti je? Transfoma ya volti 18 haitoi 18 baada ya dayodi. Zidisha kwa 1.41, toa 1.4, unapata kama 24. Mimi nilijifanya mjanja nikaweka kapasita ya volti 25, si 24 ni ndogo kuliko 25? Usiku watu wakalala, umeme wa mtaani ukapanda, na transfoma isiyo na mzigo nayo hupandisha. Saa sita usiku nikasikia paa! Chumba kizima moshi na harufu ya samaki aliyeoza, mama akadhani bomu. Ingekuwa niko mezani nimeinama, ile kofia ya bati ingekuwa usoni mwangu. Kwa transfoma ya 18 weka volti 35, kwa ya 24 weka volti 50.

Ukimaliza kufunga, hakikisha mstari wenye alama ya kutoa uko upande wa hasi. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya zamani ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme: ikiwaka kidogo halafu ikafifia, uko sawa. Ikibaki inawaka kali, chomoa, kuna shoti mahali.