Jinsi ya Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme Ukiwa na Volti na Ampea

Kilema, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nyumba nyingi ziko ndani ya kihamba, katikati ya migomba na kahawa. Umeme ukishaingia nyumba kubwa, mara nyingi waya huvutwa tena hadi jikoni au kwenye banda la ng'ombe. Huko mwisho, jagi la umeme likichomekwa tu, taa inafifia. Watu husema umeme ni mdogo. Kumbe wakati mwingine shida ni waya wenyewe, na vipimo viwili tu vinatosha kuijua.

Kanuni mbili za kukumbuka

Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea
Nguvu (wati) = volti × ampea

Kanuni ya kwanza ilichapishwa mwaka 1827 na Mjerumani Georg Simon Ohm, ndiyo maana kipimo cha ukinzani kinaitwa omu.

Mfano wa hesabu

Tuseme jagi limewashwa jikoni. Nyumba kubwa mita inasoma volti 230, lakini kwenye soketi ya jikoni inasoma volti 214. Mkondo ni ampea 8.

Jagi: 214 ÷ 8 = omu 26.75. Nguvu yake: 214 × 8 = wati 1,712.

Waya: volti zilizopotea njiani ni 230 − 214 = 16. Ukinzani wake: 16 ÷ 8 = omu 2. Nguvu inayopotea: 16 × 8 = wati 128.

Wati hizo 128 hazichemshi maji, zinapasha waya moto. Na LUKU inazihesabu: kwa kila saa 8 za matumizi ya namna hiyo, uniti 1 hivi imepotea bure.

Hatari iko kwenye maungio

Joto likisambaa kwenye waya mrefu, si rahisi kulihisi. Lakini chukulia omu 1 kati ya hizo 2 iko sehemu moja, pale waya ulipoungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Nguvu pia hupatikana kwa ampea × ampea × ukinzani, yaani 8 × 8 × 1 = wati 64. Hilo ni joto la balbu ya zamani ya wati 60, limebanwa kwenye sehemu ndogo kama kidole gumba, pengine karibu na mbao za dari.

Fyuzi ya plagi ya ampea 13 haitakatika, kwa sababu mkondo ni ampea 8 tu. Moto unaweza kuanza fyuzi ikiwa nzima.

Cha kufanya

Waya ukiongezwa unene mara mbili kwa milimita za mraba, ukinzani wake unashuka nusu. Maungio yafanywe kwa viunganishi vya skrubu ndani ya boksi. Vifaa vya moto kama pasi na jagi visiwashwe pamoja kwenye waya mmoja mwembamba: ampea zikiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne.

Angalizo: hesabu hii inafaa kwa vifaa vya kupasha moto. Friji na pampu zina mota, hesabu yake ni tofauti kidogo. Vipimo kwenye umeme unaowaka achiwe fundi mwenye leseni. Ukiona plagi au waya una joto lisilo la kawaida, zima meinswichi kwanza, hesabu baadaye.