Kadi ya Krismasi Ilianzia Darasani

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wa darasa amekwisha kuwagawia kurasa hizi, ili masikio yasikie na macho yafuate. Neno litakalokupita katika kusikiliza utalipata hapa katika kusoma.

Leo tuna somo la historia. Si historia ya wafalme, wala si ya vita. Ni historia ya kitu kidogo, karatasi iliyokunjwa mara moja, ambayo Wakristo hupelekeana wakati wa Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana Yesu. Kitu hicho ni kadi ya Krismasi. Pamoja nayo tutatazama nyota ya karatasi, ile inayotundikwa majumbani na makanisani siku za Majilio. Labda utauliza: Mambo ya kadi na nyota yanalihusu nini darasa la kisomo? Yanalihusu sana, nawe utaona sababu yake kabla somo halijaisha.

MWANDIKO WA WANAFUNZI

Tuanze Uingereza, katika karne ya 18. Wakati huo kadi za Krismasi hazikuwako madukani. Lakini palikuwa na desturi moja katika shule. Sikukuu ilipokaribia, wachapaji wa London waliuza karatasi kubwa zilizopambwa kwa picha pembezoni, pande zote nne. Nyingi zilikuwa picha za habari za Biblia. Katikati ya karatasi paliachwa patupu. Mwanafunzi alipata karatasi yake, akazitia rangi zile picha, kisha pale katikati akaandika maneno mema kwa mwandiko ulio bora kuliko wote aliouweza. Aliandika kwa kalamu ya unyoya, akiichovya katika wino, tena kwa uangalifu mkubwa, maana tone moja la wino lingeharibu kazi yote. Shule zilipofungwa, aliipeleka karatasi ile kwa wazazi wake.

Karatasi hiyo ilikuwa zawadi, na tena ilikuwa ushahidi. Mzazi aliitazama akajua kwamba mtoto wake ameendelea. Watoto wa maskini, waliosomeshwa bure katika shule za sadaka, walizichukua karatasi zao nyumba kwa nyumba katika mtaa wa kanisa lao. Waliwaonyesha watu, na watu wakawapa fedha kidogo. Fikiri, ndugu yangu: mtoto wa maskini anasimama mlangoni pa mwenye mali, na kitu alicho nacho mkononi ni mwandiko wake. Hasemi tu, "Nisaidie, kwa kuwa sina." Anasema, "Tazama nilichojifunza." Desturi hii iliendelea mpaka katikati ya karne ya 19.

POSTA YA PENI MOJA

Sasa tuingie mwaka 1840. Kabla ya mwaka huo, kupeleka barua katika Uingereza kulikuwa na gharama kubwa. Bei ilihesabiwa kwa umbali wa safari na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni yule aliyepokea. Mtu maskini aliweza kuletewa barua ya mwanawe mlangoni, akashindwa kuichukua kwa sababu hana fedha.

Bwana mmoja jina lake Rowland Hill alishauri njia nyingine, nayo ikakubaliwa. Tangu tarehe 10 Januari 1840, barua nyepesi ilipelekwa popote katika nchi ile kwa peni moja tu. Mwezi wa Mei mwaka huohuo ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika. Barua zikazidi mara mbili kwa muda wa mwaka mmoja.

Miongoni mwa waliomsaidia Rowland Hill alikuwamo Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye kazi nyingi. Krismasi ya mwaka 1843 ilipokaribia, Cole aliona hataweza kuwaandikia rafiki zake wote. Basi akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha ya salamu, ikapigwa chapa, kisha ikatiwa rangi kwa mkono. Katikati ilionyesha jamaa wamekaa mezani, wakubwa kwa wadogo, wakitakiana heri. Upande mmoja watu wanalishwa wenye njaa, na upande wa pili wanavikwa wasio na nguo. Hiyo ndiyo kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa ili iuzwe.

Kadi kama 1,000 zilichapwa, na bei ya kila moja ilikuwa shilingi moja. Shilingi ya Kiingereza wakati ule ilikuwa na peni 12. Hesabu mwenyewe: kadi moja ilikuwa na bei sawa na kupeleka barua 12. Mtu wa kazi za mikono hakuweza kuinunua bila kuumia. Tena wengine waliilaumu, kwa kuwa mtoto mdogo alichorwa akionja divai. Lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguka. Mitambo ya kuchapa picha za rangi ikaendelea, bei ikashuka, na kabla karne ya 19 haijaisha kadi za Krismasi zilikuwa zimekwisha kuenea Ulaya na Marekani.

Hapa, msomaji wangu, weka kidole chako, maana tumefika penye shina la somo. Ile karatasi ya wanafunzi ilitengenezwa ili mkono wa mtu uonekane. Kadi ya Henry Cole ilitengenezwa ili mkono wa mtu upumzike. Zote mbili zilibeba salamu, wala simlaumu Cole, kwa kuwa alitaka kumkumbuka kila rafiki yake. Lakini ya kwanza ilikuwa na jambo ambalo ya pili haikuwa nalo. Ilimwonyesha mpokeaji kwamba mtu fulani amekaa kitako, ametulia, akamwazia yeye tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

NYOTA YA NIESKY

Tutoke Uingereza, twende mashariki ya Ujerumani. Huko kuna mji mdogo uitwao Herrnhut. Ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini waliotoka Moravia, nao wakapewa mahali pa kukaa katika shamba la Bwana Zinzendorf. Hao ndio Wamoraviani. Tangu mwaka 1732 walianza kupeleka wamisionari nchi za mbali. Watoto wengi wa wamisionari hao walisomeshwa katika shule za bweni za Kanisa lao, mbali sana na baba na mama.

Katika mji wa Niesky, karibu na Herrnhut, palikuwa na shule ya namna hiyo ya wavulana. Katika miaka ya 1830, mwalimu wa hesabu aliwafundisha wanafunzi maumbo kwa kuwatengenezesha nyota ya karatasi. Si nyota bapa kama ile tunayoichora ubaoni. Ni nyota yenye ncha zilizoelekea kila upande, na ndani yake yaweza kuwekwa taa. Nyota ya Kimoraviani iliyozoeleka ina ncha 25: ncha 17 zina pande nne nne, na ncha 8 zina pande tatu tatu. Ukikosea kipimo cha ncha moja, nyingine hazikutani. Hesabu ile ilishika kichwani kwa sababu ilipitia mikononi.

Lakini kazi ile haikubaki hesabu. Ikawa desturi kuzitengeneza nyota hizo na kuzitundika siku ya kwanza ya Majilio, kuikumbuka nyota ya Bethlehemu iliyowaongoza mamajusi, kama ilivyoandikwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 2. Kwa mtoto aliyekuwa mbali na wazazi wake, kukata na kukunja na kugundisha karatasi kulikuwa njia ya kungojea kwa furaha badala ya kungojea kwa huzuni. Baadaye, karibu na mwisho wa karne ya 19, Pieter Hendrik Verbeek alianza kuziuza nyota hizo katika Herrnhut. Mpaka leo huko zinatengenezwa kwa mikono.

Kanisa hilihili ndilo lililoleta wamisionari Rungwe, katika nyanda za juu za kusini za Tanzania, mwaka 1891, chini ya uongozi wa Theodor Meyer. Siku hizi hakuna nchi duniani yenye Wamoraviani wengi kuliko Tanzania.

KIOO CHA MTOTO JITKA

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Vita Kuu ya Pili vilipokwisha mwaka 1945, watoto wengi wa Ulaya walikuwa katika njaa. Umoja wa Mataifa ukaanzisha shirika la kuwasaidia watoto, ndilo UNICEF. Katika kijiji kimoja cha Chekoslovakia alikuwako msichana wa miaka 7, jina lake Jitka Samkova. Alitaka kutoa shukrani kwa msaada uliofika kijijini kwao, lakini karatasi ilikuwa haba. Basi akachora picha yake juu ya kipande cha kioo: watoto wakicheza kwa furaha kuuzunguka mti wa sherehe. Mwaka 1949 picha hiyo ilifanywa kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF, na kadi za shirika hilo zikaleta fedha za kuwasaidia watoto wengine.

Mwanafunzi wa London, mvulana wa Niesky, na Jitka: wote watatu walikuwa watu wanaojifunza bado. Hakuna aliyengoja awe fundi ndipo atoe zawadi yake. Wahenga wetu walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

SASA NI ZAMU YAKO

Najua wako katika darasa hili watu wanaoona haya kwa mwandiko wao. Sikukuu ikifika, huenda baba akamwita kijana wake amwandikie salamu, na mama akanunua kadi yenye maneno tayari, akatia jina tu. Nakusihi, mwaka huu usifanye hivyo. Herufi zako zikipanda na kushuka kama njia ya mlimani, ziache zipande na kushuka. Ndugu yako aliyezoea kupata barua zako kwa mkono wa mtu mwingine ataitazama kadi hiyo kwa muda mrefu. Naye hatatazama uzuri wa herufi. Atatazama kwamba ni zako.

Tena vifaa si vya gharama. Katika Afrika ya Mashariki mafundi wetu hutengeneza kadi nzuri kwa maganda makavu ya mgomba, nazo hununuliwa na wageni wa nchi nyingi. Wewe nawe fanya hivi. Chukua karatasi nene, uikunje katikati. Kata nyota, au ng'ombe, au kihori, kutoka katika ganda kavu la mgomba. Pika gundi kwa unga wa muhogo na maji, iwe nzito kama uji. Gundisha picha yako upande wa mbele, uiwekee kitabu juu yake mpaka ikauke, isije ikajikunja. Kisha ndani andika mambo matatu: jina la umpelekeaye, salamu yako kwa maneno yako mwenyewe, na jina lako.

Wakati mkono wako unafanya kazi, mtaje kwa Mungu yule unayemtengenezea. Hapo kazi ya mkono imekwisha kuwa sala. Wakristo wanaamini kwamba Mwana wa Mungu alikuja duniani akalazwa katika hori ya kulishia ng'ombe. Aliyekubali kitanda cha namna hiyo hatadharau kadi ya ganda la mgomba. Na wewe ndugu yangu Mwislamu uliyemo darasani, njia hii ni yako pia. Mpelekee mtu wako salamu ya Idi kwa mkono wako.

Siku hizi salamu nyingi hupelekwa kwa simu, nazo hufika upesi. Ni jambo jema. Lakini salamu ya simu hupita, na kadi hubaki ukutani au ndani ya Biblia, na mjukuu aweza kuiona siku moja akauliza, "Nani aliandika hii?" Nao watamjibu, "Ni bibi yako, mwaka ule alipojifunza kuandika."

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Watoto wa shule za sadaka walipeleka karatasi zao wapi, na kwa nini?
2. Kabla ya mwaka 1840, mara nyingi nani alilipia barua?
3. Nyota ya Kimoraviani ina ncha ngapi kwa jumla? Onyesha hesabu yake.
4. Kwa nini Jitka alichora juu ya kioo?
5. Taja jina la mtu mmoja utakayemtengenezea kadi. Andika salamu yako kwa mistari mitatu, kisha umsomee jirani yako.

Mwalimu wa darasa, tafadhali usizisahihishe salamu hizo kwa wino mwekundu. Kama kuna kosa, mwonyeshe mwanafunzi kando, naye aamue mwenyewe kuandika upya au kuacha.

Haya basi, wasikilizaji wapenzi, somo letu limekwisha. Juma lijalo, saa ileile, Mungu akipenda, tutakutana tena. Kwaherini.