Swali la Kasisi: Kumsoma John Mbiti kutoka Bonde la Ruhembe

John Samuel Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, anajulikana zaidi kwa sura moja ya kitabu kimoja. Katika African Religions and Philosophy (1969) alidai kwamba Mwafrika wa jadi aliishi katika Sasa, akiegemea Zamani isiyo na mwisho, na kwamba mawazo yake ya wakati ujao hayakuvuka miaka miwili hivi. Dai hilo limepingwa kwa nusu karne, na kwa haki. Lakini limepingwa kama fundisho la mwanafalsafa, ilhali lilizaliwa kama swali la kasisi. Asiyelitazama hivyo hamtendei Mbiti haki, wala hafaidiki naye.

Alizaliwa mwaka 1931 Mulango, Kitui, walikohubiri wamisionari wa Africa Inland Mission. Alisoma Makerere, Marekani, kisha Cambridge, alikopata uzamivu mwaka 1963. Akapewa ukasisi katika Kanisa la Uingereza, akahudumu kwa muda huko St Albans, halafu akarudi kufundisha Makerere kwa miaka kumi. Utafiti wake wa Cambridge, uliochapishwa mwaka 1971, ulihusu Wakamba walioambiwa kwamba Kristo yu karibu kurudi, wakaelewa moto, mbingu na hazina kuwa vitu vya kushikika, kisha miaka ikapita. Habari za mwisho wa dunia zinamfikiaje mtu ambaye vitenzi vya lugha yake, kwa maoni ya Mbiti, havifiki mbali hivyo? Hili ni swali la mtu anayepaswa kusimama mimbarani Jumapili. Alikosea pale alipochukua kipimo cha Kikamba akakitandaza bara zima.

Mkulima wa miwa wa Ruhembe, kusini mwa Mikumi, Tanzania, angempinga kwa shamba lake. Shina la muwa lililopandwa leo hukatwa, likachipua, likakatwa tena kwa miaka kadhaa, na anayelipanda anazihesabu karo za watoto ambao bado hawajaanza shule. Mbiti angejibu kwamba huyo ni Mwafrika wa kiwanda na soko, na mwenyewe aliandika kwamba shule, Ukristo na uchumi mpya vilikuwa vinamfungulia Mwafrika mlango wa wakati ujao. Jibu hilo halitoshi. Mababu waliokuwa wakiacha shamba lipumzike miaka mingi, ili wao au watoto wao walikute limerudisha rutuba, walikuwa tayari wanaishi na kesho ya mbali.

Hata hivyo, mkulima huyohuyo anayelishinda dai la Mbiti ndiye anayelihuisha swali lake. Miwa ikishachomwa moto tayari kwa kukatwa, haina muda: isipofika kiwandani ndani ya siku chache, kiwango cha sukari hushuka na malipo hushuka nayo. Mvua ikiharibu barabara, gari haliji. Mtu aliyekaa kando ya miwa iliyoungua akisubiri gari, atasikia nini akiambiwa Jumapili kwamba Bwana yu karibu? Kusubiri ndiyo kazi yake ya kila msimu, na anajua vema tofauti kati ya ahadi na usafiri. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, alipowashutumu mwaka 1970 wasomi wanaoivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki, Mbiti akiwamo, alikuwa na hoja nzito; ila shutuma hiyo haimsaidii anayemhubiria mkulima huyu.

Mbiti mwenyewe hakuliacha swali hilo. Baada ya kuongoza taasisi ya kiekumene ya Bossey, Uswisi, tangu 1974 hadi 1980, alikuwa mchungaji wa usharika wa Burgdorf kwa miaka mingi. Mwaka 2014, akiwa amepita miaka themanini, tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kigiriki, ilichapishwa. Alifariki mwaka 2019.

Walimu wa vyuo vyetu vya theolojia, Kongwa na kwingineko, waanze na kitabu cha 1971 kabla ya kile cha 1969. Kisha wamtake kila mwanafunzi aandike mahubiri ya Majilio kwa ajili ya wakulima wa Ruhembe.