Mimea adimu ya ndani bila udongo: yanayomhusu mfanyabiashara na msafirishaji

Kuotesha mimea ya ndani bila udongo ni utaratibu wa kuipanda katika punje za mawe badala ya udongo au mboji. Mawe yanayotumika zaidi ni pumisi, yaani mawe mepesi ya volkano yenye matundu, pamoja na mawe ya lava, zeolaiti, perlaiti, vemikulaiti na punje za mfinyanzi uliochomwa. Mmea hushikiliwa na punje hizo, nao hupata chakula kutoka kwenye maji yaliyotiwa mbolea.

Utaratibu huu umeenea zaidi Ulaya, hasa miongoni mwa watu wanaofuga mimea adimu majumbani. Mchanganyiko unaojulikana sana ni ule wa Lechuza ya Ujerumani, wenye zeolaiti, pumisi, lava na mbolea inayoyeyuka polepole. Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki jambo hili lina pande mbili. Mawe yenyewe yapo Bonde la Ufa, na baadhi ya mimea inayopandwa humo asili yake ni huku huku.

Mimea yenyewe

Zamioculcas zamiifolia, mmea wa majani mazito yanayong'aa unaopambwa katika ofisi nyingi, huota porini kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi Afrika Kusini. Wakulima wa Uholanzi ndio walioufanya bidhaa kubwa katika miaka ya 1990. Saintpaulia, ua dogo la zambarau, ni la milima ya Usambara na maeneo ya jirani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mbegu kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaupa mmea jina la kisayansi kutokana na familia hiyo. Leo ua hilo huuzwa madirishani Ulaya na Marekani, na ni wachache wa Tanga waliowahi kupata senti kutokana nalo. Jamii ya katani pori, inayouzwa kwa jina la zamani la Sansevieria, nayo ina aina nyingi Kenya na Tanzania.

Mimea inayoitwa adimu sokoni, lakini, mingi ni ya Amerika ya Kusini na Asia: Monstera, Philodendron, Anthurium na Alocasia, hasa ile yenye mabaka meupe. Bei zake zilipaa wakati wa janga la Korona. Mwaka 2021 mmea mmoja wa Rhaphidophora tetrasperma wenye mabaka uliuzwa New Zealand kwa zaidi ya dola 27,000 za nchi hiyo. Tangu hapo maabara zimezalisha miche ya aina nyingi kwa wingi, kama inavyofanyika kwa migomba ya maabara, na bei zimeshuka. Anayetaka kuingia katika biashara hii kwa kutazama bei za mwaka 2021 atakuwa amechelewa. Faida iliyobaki iko katika mmea wenye afya unaopita mpakani bila kukwama, na hapo ndipo suala la udongo linapokuja.

Kwa nini udongo unakataliwa

Udongo hubeba minyoo fundo, mayai ya wadudu, mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa ambavyo mkaguzi hawezi kuviona kwa macho. Kwa sababu hiyo nchi nyingi haziruhusu udongo kuingia bila kibali maalumu. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku udongo kutoka karibu nchi zote zilizo nje yake. Mmea unaoingia huko ukiwa ndani ya kitu cha kuoteshea unatakiwa, miongoni mwa njia zinazokubalika, uwe ulipandwa katika kitu kisicho na udongo wala mabaki ya viumbe, na ambacho hakikuwahi kutumika kuoteshea mimea mingine. Pumisi mpya iliyooshwa inaingia katika kundi hilo. Iliyotolewa kwenye chungu cha zamani haiingii, hata ikioshwa ikang'aa.

Mwaka 2017 nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea zilipitisha kanuni namba 40, inayohusu vitu vya kuoteshea vinavyosafiri pamoja na mimea. Nayo inaangalia kitu hicho kimetengenezwa na nini, kimepita moto au la, na kama kimewahi kutumika. Perlaiti na vemikulaiti hupanuliwa kwa moto mkali wa mamia ya nyuzi, na punje za mfinyanzi huchomwa hadi karibu nyuzi 1,200, kwa hiyo hutoka kiwandani zikiwa safi kabisa. Pumisi haichomwi. Huchimbwa kama ilivyo, na ikirundikwa kwenye ardhi tupu karibu na shamba inaokota uchafu ule ule unaoogopwa.

Hasara yake si ya nadharia. Mwaka 2003 vipandikizi vya maua ya jerani kutoka Kenya viligunduliwa Marekani vikiwa na bakteria ya mnyauko aina ya Ralstonia solanacearum, ile inayoshambulia viazi na nyanya. Mimea iliteketezwa katika vitalu vya majimbo mengi, wakiwemo wateja ambao hawakuwa wameagiza moja kwa moja kutoka Kenya. Baadaye Marekani iliweka masharti kwa nchi zote zenye bakteria hiyo: mashamba yasajiliwe na kukaguliwa, na maji pamoja na kitu cha kuoteshea viwe havina vijidudu. Shehena moja iliwabadilishia masharti hata wale ambao hawakuwa na kosa.

Mawe na mizani

Pumisi inapatikana Kenya katika maeneo ya volkano karibu na Naivasha, na mashamba ya maua ya huko yamekuwa yakiotesha mawaridi ndani yake. Tanzania inayo upande wa Mbeya, ambako hutumika pia katika saruji. Uganda ina vemikulaiti huko Namekara, mashariki mwa nchi.

Pumisi ya ujenzi na pumisi ya mimea hazifanani. Mjenzi hapendezwi na vumbi lakini halimzuii kazi. Kwa mkulima, vumbi hujaza nafasi za hewa na mizizi huoza. Anayenunua kwa ajili ya mimea hutaka punje za milimita 3 hadi 8, zilizochekechwa, zikaoshwa na kukaushwa. Wachekechaji wavae barakoa, kwani vumbi la mawe haya huharibu mapafu.

Hapa ndipo wachuuzi wengi wanapoumia. Machimboni pumisi huuzwa kwa tani, wakati mwenye mimea hununua kwa lita. Pumisi kavu ina uzito wa kilo 400 hadi 700 kwa mita moja ya ujazo, kutegemea machimbo na ukubwa wa punje. Matundu yake hunywa maji, hivyo ile iliyonyeshewa huzidi sana. Mtu aliyelipia tani 10 za mzigo ambao theluthi yake ni maji amenunua tani 3 na zaidi za mvua, akazilipia nauli, kisha zikakauka ghalani. Kinga yake ni rahisi: kupima kwa ujazo, au kukubaliana kwa maandishi kwamba mzigo ni mkavu, na kuukagua kabla ya kupakia.

Kwa msafirishaji hesabu ni nyingine. Kontena la futi 40 lina takribani mita za ujazo 67. Likijazwa perlaiti iliyopanuliwa, ambayo ni kama kilo 100 kwa mita, mzigo hauzidi tani 7 na gari linakwenda karibu tupu kwa uzito. Likijazwa pumisi ya kilo 600 kwa mita, mzigo unafika tani 40, na gari halitapita mizani yoyote ya barabara kuu. Ndiyo maana perlaiti hutozwa nauli kwa nafasi na pumisi kwa uzito, na ndiyo maana ni busara kusafirisha perlaiti ikiwa mbichi, kabla ya kupanuliwa, pale ambapo mnunuzi ana tanuri. Mvua njiani ni hatari kwa turubai bovu: gari lililopita mizani ya kwanza salama linaweza kukamatwa ya tatu.

Namba za forodha pia hutofautiana. Pumisi iko chini ya 2513, vemikulaiti na perlaiti mbichi 2530.10, zilizopanuliwa pamoja na punje za mfinyanzi 6806.20, na mimea hai 0602. Mchanganyiko uliokwisha kutiwa mbolea si sawa na mawe matupu, na wakala wa forodha aelezwe mapema kilichomo.

Karatasi za mpakani

Kwa mimea hai, kibali cha kuingiza hutolewa kwanza na nchi inayopokea, ndipo nchi inayotuma itoe cheti cha usafi wa mimea baada ya ukaguzi. Kenya kazi hiyo hufanywa na KEPHIS, Tanzania na TPHPA, Uganda na Wizara ya Kilimo. Wengi huanza kinyume, wakafika mpakani na cheti kisichotaja masharti ya kibali.

Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, humsaidia mfanyabiashara mdogo upande wa ushuru. Hakiondoi ukaguzi wa mimea. Aidha okidi zote, mishubiri isipokuwa Aloe vera, na michikichi-mawe ya jenasi ya Encephalartos iko chini ya mkataba wa CITES na inahitaji kibali chake. Encephalartos ya porini hairuhusiwi kabisa kwa biashara ya kimataifa. Saintpaulia haimo katika orodha hiyo, ila aina zake kadhaa zimo hatarini kutoweka na nyingi ziko ndani ya misitu ya hifadhi. Kung'oa huko ni kosa hata kama forodha haitauliza.

Mmea njiani

Mmea uliokulia kwenye udongo hauhamishwi kwenye mawe leo ukasafirishwa kesho. Mizizi huoshwa hadi udongo uishe, iliyooza hukatwa, na mmea huachwa wiki kadhaa utoe mizizi mipya inayozoea mawe. Mizizi ya zamani mingi hufa katika kipindi hicho, na mnunuzi asiyejua hudhani ameuziwa mmea mgonjwa.

Maji ya mbolea yawe mepesi, na uchachu wake kati ya pH 5.5 na 6.5. Zeolaiti husaidia kwa sababu hushika amonia na potasiamu na kuziachia taratibu. Pumisi haina chakula cha maana. Anayemwagilia maji matupu anaushindisha mmea njaa.

Wakati wa safari maji ya akiba chini ya chungu humwagwa, na uso wa mawe hufunikwa kwa karatasi au kitambaa ili punje zisimwagike gari likiruka mashimo. Mimea ya kitropiki huumia baridi ikishuka chini ya nyuzi 12, jambo la kukumbuka kwa wanaopita Nakuru au Mbeya usiku, na huungua ndani ya bodi la chuma lililosimama juani kwenye foleni ya Malaba. Isichanganywe na ndizi mbivu wala maembe: matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na majani huanza kudondoka kabla ya gari kufika.