Enzi ya Simbamwene, Chini ya Uluguru

Kabla reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam haijafika Morogoro mwaka 1907, na kabla mapadre wa Roho Mtakatifu hawajafungua misheni yao mwaka 1882, mji huu ulikwisha kuwa na kiti cha enzi. Aliyekikalia alikuwa mwanamke.

Kiti hicho kilisimikwa kwa vita. Kisabengo, mtu wa ukoo mdogo mwenye nguvu na ulimi, alikusanya watu, wakiwemo watumwa waliotoroka, akajitwalia nchi kwa silaha. Mpelelezi Mwingereza Burton alipopita nchi ya Ukutu mwaka 1857, jina la Kisabengo lilikuwa tayari linatisha. Vijiji vilivamiwa na watu wakatekwa. Anayemkumbuka mwanzilishi huyu hana budi kulisema na hilo. Kando ya Mto Ngerengere akajenga mji wa ukuta wa mawe, wenye minara na milango ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi za Kiarabu. Kabla ya kufa alitaka bintiye amrithi, akampa jina la mji wenyewe: Simbamwene.

Kurithi ngome ya baba mpiganaji ni kazi ngumu. Maadui wa marehemu bado wapo, na wafuasi waliozoea mateka hawatulii kwa siku moja. Hata hivyo mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alipopita akimtafuta mmisionari Livingstone, aliukuta mji umesimama, akakadiria wakazi wake kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Misafara kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, upande wa Tabora, ilipita hapo na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Stanley alikataa kulipa mara ya pili, akidai msafara wake uliotangulia umekwishalipa. Askari wake waliorudi kumtafuta mpishi wao wakatiwa nguvuni, baadaye waliachiwa. Stanley alimwandika malkia kwa chuki. Mimi naona mtawala aliyelinda haki ya nchi yake mbele ya mgeni mwenye bunduki. Kwa majirani zake Waluguru, ambao kwao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mwanamke mwenye mamlaka hakuwa kioja.

Kilichouvunja mji hakikuwa jeshi. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar na pwani, Ngerengere ikafurika, na Stanley aliporudi akakuta sehemu ya ukuta na nyumba nyingi zimesombwa. Enzi haikufa na ukuta: ukoo uliendelea kutawala, na jina la Kingo, mrithi wa malkia, bado ni jina la kata moja ya Manispaa ya Morogoro.

Habari nyingi za malkia huyu tunazosoma ziliandikwa na wapita njia waliodaiwa hongo. Wazee wa Morogoro wanaojua simulizi za ukoo huu wapo. Walimu wa historia, wapelekeni wanafunzi wakawasikilize na kuandika, sasa, wakati wazee hao wangali hai.